Kwa mnaoanza kuchora ndani ya kioo na leza ya femtosekunde

Wageni wengi wakifika kwenye hii kazi swali la kwanza ni "nishati ngapi, spidi ngapi", kama vile kuna namba za siri tunawaficha. Namba zipo, ila hazikusaidii kitu kama hujui fokasi yako (pale lenzi inapokusanya mwanga) iko wapi, na mimi hilo lilinigharimu wiki 3 nzima.

Kwanza elewa kwa nini kioo cheupe kabisa kinakubali kuchorwa kwa ndani bila uso kuguswa. Silika, yaani kioo safi cha silikoni na oksijeni, inahitaji kama elektronivolti 9 (kipimo cha nishati ndogo sana) ndo elektroni ing'oke, na fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, ya nanomita 1030 imebeba 1.2 tu, kwa hiyo inabidi fotoni kama 8 zifike pamoja kwa mpigo mmoja. Hiyo haitokei hovyo hovyo. Palsi (mpigo mmoja wa mwanga) ya maikrojuli 1 ukiibana ndani ya femtosekunde 200, kila moja ikiwa sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni, inakuwa megawati 5, halafu uiminye tena na lenzi, hapo kwenye fokasi tu ndo kioo kinasalimu amri, kwingine mwanga unapita kama hakuna kitu.

Sasa wiki zangu 3. Nilitaka mistari ya sentimita 2, mikromita 30 chini ya uso. Upande mmoja ilikaa safi, upande wa pili inatoka juu na kuchimba mtaro, nikalaumu leza, nikashusha nishati, nikabadilisha spidi, nikasafisha vioo vyote vya kuelekeza bimu, wapi. Kumbe kuna kachembe ka uchafu kamekaa chini ya kona ya sampuli! Mwinamo wa miliradiani 2 (mikromita 2 kwa kila milimita) ndani ya milimita 20 ni mikromita 40, hesabu ya darasani kabisa, na mimi nilikuwa sijaipiga. Toka siku hiyo nafuta kishikio cha sampuli kabla ya kuweka chochote, natafuta uso kwenye kona 3 kwa kamera, narekebisha, narudia tena kona zote 3, hata kama sampuli ni ile ile ya jana.

Kina nacho kinadanganya. Ukishusha lenzi mikromita 100 fokasi ndani ya silika inashuka kama 145, kwa sababu kioo kinapinda mwanga. Na ukizidi kwenda chini fokasi yenyewe inavutika inakuwa ndefu, ndo maana lenzi nzuri zina pete ya kusahihisha, izungusheni jamani, siyo pambo.

Nishati pimeni baada ya lenzi, sio pale inapotoka kwenye leza, njiani kuna mengi yanakula.

Mkikuta kipimo kwenye makala ya mtu msikikopi tu hivi hivi. Palsi 1,000 kwa sekunde kioo kinapoa kila mara kabla inayofuata haijafika, ila zikiwa milioni 1 joto linajilundika, na borosiliketi (kioo chenye boroni) ikilundika joto inatoa njia za mwanga, yaani mistari inayoongoza mwanga ndani ya kioo, nzuri tu wakati silika ina tabia zake. Ndani ya silika pia mnaweza kupata vile vistari vidogo sana vinavyojipanga vyenyewe kufuata polaraizesheni (mwelekeo ambao mwanga unatetema), tena wakati mwingine kuchora kwenda na kuchora kurudi kunatoa matokeo tofauti, nilipoona mara ya kwanza nilidhani steji (meza inayosogeza sampuli) imeharibika. Kwa hiyo andikeni kila kitu, hadi mshale wa mwelekeo.

Na njia za mwanga zikifika ukingoni zinaharibika kwa sababu sehemu ya bimu inakatwa na ukingo, sageni kama mikromita 150 kila upande halafu mng'arishe ndo mpime upotevu wa mwanga, la sivyo mtalia bure.

Usalama: nanomita 1030 haionekani, kwa hiyo usiseme "sioni kitu iko salama". Miwani ya kinga, saa na pete vua. Kwa kuchonga kwa kemikali, yaani kuyeyusha palipopigwa leza, mimi sishauri mgeni aguse asidi ya haidrofloriki, inapita ngozini hadi kwenye mfupa, anza na KOH (potasiamu haidroksaidi) ya moto, ni taratibu ila kwa silika inachagua vizuri palipopigwa leza, ingawa nayo inaunguza, vaa glavu na miwani yake.

Halafu namba ya sampuli ichoreni kwa leza yenyewe pale konani. Mimi nilikuwa naandika kwa maka peni, nikaloweka sampuli 6 usiku kucha, asubuhi nimekuta vioo 6 vinavyofanana.