Maswali na majibu: Goti la mama "limeishiwa mafuta", adungwe sindano?

Swali: Mama ana miaka 58, uzito kilo 86. Anauza mboga Umoja na tunaishi ghorofa ya nne, hakuna lifti. Huu mwaka wa pili goti la kulia linamsumbua, zaidi akishuka ngazi, na linalia likikunjwa. Asubuhi hukakamaa kama dakika kumi, halafu linaachia. Anameza losartani na haidroklorothiazaidi za presha, na kila wiki hununua vidonge vya maumivu vya diklofenaki kwa kemisti. Sasa ameambiwa goti limeishiwa mafuta, adungwe sindano ya kuyaongeza. Tutafute hizo pesa?

Jibu: Pesa hizo wekeni kwanza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni diklofenaki.

Dawa hiyo huzifanya figo zibakishe chumvi na maji, presha ikapanda, na pia hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio vya figo. Losartani nayo hulegeza mishipa inayotoa damu humo, na haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, msukumo wa damu ndani ya figo hushuka, na figo zinaweza kufeli ghafla, hasa akiharisha au akishinda juani bila maji. Kwa hiyo aache diklofenaki ya kumeza, na ya kudungwa matakoni pia, maana ni dawa ile ile. Za presha asiziache. Aende akapimwe presha na kreatinini ya damu, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Akipata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Badala yake atumie jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, kwani inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Hata hivyo amwambie daktari wa presha kwamba anaitumia. Kipimo ni gramu 4 kwa goti, yaani mstari wa kama sentimita 11, hadi mara nne kwa siku. Apake goti lote, mbele, pembeni na nyuma, asilioshe kwa saa nzima, wala asilifunge bandeji ya kubana. Wengi hupaka tone dogo mahali panapouma, kisha wanasema jeli haifanyi kazi.

Sasa goti lenyewe. Umri uliopita miaka 45, maumivu yanayokuja na matumizi, na kukakamaa asubuhi kusikozidi dakika 30: hiyo ndiyo sura ya osteoathritisi, yaani ugonjwa wa kiungo kulika, na daktari anaweza kuitambua bila picha. Eksirei ikihitajika, apigwe akiwa amesimama. Akilala, nafasi kati ya mifupa huonekana pana kuliko ilivyo. Msiogopeshwe na picha pia, kwa sababu wapo wenye picha mbaya wasiohisi maumivu makubwa.

Mafuta hayajaisha. Goti lililovimba mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kawaida. Kinacholika ni gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Mfupa chini yake hukomaa, vijimfupa huota pembeni na utando wa ndani huvimba. Hiyo sindano ya kuongeza mafuta, yaani jeli ya asidi ya hayaluroniki, haijaonyesha nafuu inayolingana na bei yake, na mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya matibabu ya Uingereza, unasema isitolewe. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ni kitu kingine: hutuliza kwa wiki chache goti likiwa limechachamaa, ila ikirudiwa kila miezi mitatu kwa muda mrefu gegedu hupungua zaidi. Kama ana kisukari, sukari itapanda kwa siku kadhaa.

Tiba yenyewe ni misuli ya paja, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Achukue kiti kigumu chenye urefu ambao magoti hayapiti nyonga. Kikiwa kifupi aongeze mto. Akae ukingoni, miguu irudi nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, asimame bila kujisukuma kwa mikono. Arudi chini polepole akihesabu hadi tatu. Mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja au mbili, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Ikimshinda, aongeze mto wa pili. Ikiwa rahisi, atoe mto, kisha aanze kupanda kidato cha sentimita 10. Maumivu ya hadi tano, kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi, si hatari iwapo yanatulia ndani ya saa 24. Yakizidi hapo, apunguze idadi lakini asiache. Nafuu hutarajiwa baada ya wiki 6 hadi 12.

Kwenye ngazi za nyumbani, akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize ule unaouma, mkono ukiwa kwenye reli. Fimbo hushikwa mkono wa kushoto, upande usiouma, na kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono akiwa amevaa viatu. Kigoda kile cha chini cha kuuzia mboga abadilishe kwa kiti cha kawaida.

Uzito nao una hesabu yake: kila kilo inayotoka hupunguza takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Akipunguza kilo 5 hadi 8 atahisi tofauti. Aanze na sukari ya chai.

Glukosamini, vile virutubisho vinavyouzwa kama dawa ya viungo, asinunue. Unga wa mitishamba unaoondoa maumivu siku moja auogope, maana baadhi yake huchanganywa steroidi kwa siri.

Goti likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, au akishindwa kabisa kulikanyagia, asingoje kliniki. Viungo vingi vikivimba na asubuhi vikikakamaa zaidi ya saa moja, huo huenda ni ugonjwa mwingine unaohitaji vipimo vya damu. Upasuaji wa kubadilisha goti unafaa pale maumivu yanapomnyima usingizi na kazi baada ya miezi ya mazoezi ya kweli. Mkifika huko, ulizeni SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, italipa kiasi gani kabla ya kupanga tarehe, na mazoezi ya paja ayaendeleze hadi siku ya upasuaji.