Wavu wenye asidi ya polilaktiki kwenye ngiri ya kinena: kipi huyeyuka, kipi hubaki

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya kusini mwa Tanzania. Tumeletewa msaada wa nyavu za kuimarishia ukuta wa tumbo kwenye upasuaji wa ngiri, zenye vindoana vidogo vya kujishikiza. Maelezo ya pakiti yanasema ni polipropilini, plastiki isiyoyeyuka mwilini, na vindoana ni vya asidi ya polilaktiki inayoyeyuka mwilini. Je, asidi hiyo haiunguzi nyama? Ikishayeyuka, ngiri haitarudi? Na pakiti mbili zimechanika. Tunaweza kuzipitisha kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke?

Jibu: Marahaba. Naanza na la mwisho, maana ndilo linaloweza kumdhuru mgonjwa kesho asubuhi. Usizipitishe. Polilaktiki huvunjwa na maji, na joto huharakisha kazi hiyo. Ikifika nyuzi joto 60 hivi huanza kulegea, na otoklevu hufanya kazi kwenye 121 au 134 tena kwa mvuke. Vindoana vitapinda, na vile vitakavyobaki vimesimama vitakuwa vimedhoofika kwa ndani bila wewe kuona. Polipropilini peke yake inastahimili mvuke, ndiyo sababu wengi hudanganyika wakidhani wavu wote ni salama. Pakiti iliyochanika hata kidogo imeshaingiza unyevu wa hewa, iondoeni. Zilizobaki nzima ziwekwe mahali pakavu na penye ubaridi kama lebo inavyoagiza, si kwenye stoo yenye paa la bati lisilo na dari.

Sasa kuhusu asidi. Vindoana ni mnyororo mrefu wa asidi laktiki iliyoungana. Maji ya mwilini hukata viungo vya mnyororo kimoja kimoja, asidi laktiki hutoka, seli huigeuza kuwa piruvati, kemikali ambayo mwili huitumia kupata nguvu, kisha huichoma ikawa maji na kabonidayoksaidi. Ni asidi ileile ambayo misuli na chembe nyekundu za damu huitengeneza kila siku. Pigeni hesabu. Wavu wa aina hii unaojulikana zaidi, ProGrip wa polipropilini, una uzito wa gramu 73 hivi kwa mita ya mraba kabla ya vindoana kuyeyuka, na 38 hivi baada yake. Kipande cha sentimita 12 kwa 8 basi kina kama theluthi ya gramu ya polilaktiki, na hiyo hutoka polepole kwa miezi 18 hivi. Mwili wa mtu mzima aliyepumzika hutengeneza zaidi ya gramu 100 za laktati, yaani asidi laktiki ilivyo ndani ya damu, kwa siku moja.

Hata hivyo hofu yako haikutoka hewani. Polilaktiki ikiwa nene, kama skrubu za mifupa, asidi hunaswa katikati ya kipande na yenyewe inazidi kuharakisha kuvunjika. Kipande huoza kwa ndani kabla ya nje, kisha hupasuka na kumwaga asidi na chembechembe kwa mkupuo, na uvimbe usio na vijidudu hutokea baada ya miezi mingi. Kindoana ni chembamba mno kuleta hali hiyo. Kwa hiyo mgonjwa akirudi baada ya miezi sita na uvimbe kinenani, msiilaumu asidi mkamrudisha nyumbani. Mpime akiwa amesimama na akikohoa, mfanyieni altrasaundi, mtafute ngiri iliyorudi, majimaji yaliyojikusanya au usaha.

Na ngiri kurudi? Kwa wavu wenu, kinachoyeyuka ni vishikizo tu. Polipropilini inabaki maisha yote, na tishu huwa imeshapenya kwenye matundu yake wiki nyingi kabla vindoana havijaisha. Nyavu za kuyeyuka kabisa ni habari nyingine, na kwa ngiri ya kinena ya mtu mzima sizipendekezi. Ule wa poliglaktini 910, plastiki ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka, hubaki na robo tu ya nguvu zake wiki ya nne. Zipo zinazodumu hadi miaka mitatu, nazo zilijaribiwa Sweden kwa wagonjwa 40: waliokuwa na ngiri ya kupitia pete ya ndani, yaani mlango wa juu wa mfereji wa kinena, walikaa vizuri, lakini kwa wale ambao ukuta wa nyuma wa mfereji huo ndio uliolegea, ngiri ilirudi kwa wengi mno. Sababu inaeleweka. Kolajeni, ile protini inayozipa tishu uimara, ya wagonjwa hao ni dhaifu tangu mwanzo, na kovu linalobaki baada ya wavu kuisha limejengwa kwa kolajeni hiyohiyo.

Msitegemee pia kwamba vindoana vitaondoa maumivu sugu. Majaribio mengi yaliyolinganisha wavu huu na ule wa kushonwa yameonyesha upasuaji unafupika kwa dakika kadhaa, ila maumivu ya muda mrefu na ngiri kurudi havitofautiani. Maumivu hutegemea zaidi mlivyozitunza neva tatu za kinena.

Katika kuulaza wavu ndipo penye makosa. Vindoana vitazame chini kwenye misuli. Kamba ya mbegu, yaani fungu la mishipa na mrija wa mbegu liendalo kwenye korodani, ikikutana navyo hunaswa. Angalieni lebo kama wavu ni wa kulia au wa kushoto. Inua kamba, anza na ncha ya ndani ipite kinundu cha mfupa wa kinena kwa sentimita 2 hivi, kisha kunjua kuelekea nje huku msaidizi akizuia mafuta yasiingie. Kinundu ndipo ngiri hupenda kurudia, na mimi naona mshono mmoja wa uzi wa polipropilini wa unene wa 2-0 hapo ni bima nzuri. Usiukaze kama ngozi ya ngoma, maana wavu hujikunyata baadaye. Ukishika vibaya, unyanyue wote taratibu. Kuuburuta hung'oa vindoana.

Nyavu hizi zikiisha, msiahirishe wagonjwa mkisubiri msaada mwingine. Wavu bapa wa kawaida wa polipropilini na mishono unatosha. Mashariki mwa Uganda, jaribio la wanaume 302 lililochapishwa mwaka 2016 lililinganisha wavu wa dukani na kitambaa cha chandarua cha polithini kisichotiwa dawa: baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mmoja wa kundi la chandarua, na kwa kundi la pili hakuna. Lakini kitambaa hicho kilichaguliwa na kupimwa kwanza. Si chandarua chochote cha sokoni, na cha kuzuia malaria chenye dawa hakifai kabisa. Kitambaa hicho cha jaribio hutakaswa kwenye nyuzi joto 121 tu. Kwenye 134 hujikunja na kupoteza umbo, kwa hiyo kabla ya kukifikiria, hakikisheni otoklevu yenu ina kipimajoto kinachosema kweli.