Kwa nini nilikuwa nahesabu kata

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini kila jioni nilihesabu kata za kunywea pombe kabla ya kufunga kilabu, ukacheka ukasema ninyi watoto mlidhani baba yenu ni bahili. Jambo hilo haliongeleki simuni, ndiyo maana naandika.

Kwanza, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ya mama yako. Yeye ndiye aliyechemsha ndizi mbivu mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichachuke siku kadhaa, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, akatia gome la mti wa msesewe ipate uchungu. Hata kuonja mbele ya wateja alionja yeye. Mimi nilimimina tu, halafu kijiji kizima kikasema kilabu cha Afande.

Afande mwenyewe nilikuwa mgambo. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nilijiona nimeitwa kwa jina. Ujana. Kyaka, daraja la mto Kagera lilikuwa limelipuliwa, tukavushwa kwenye daraja la chuma, na mpaka Masaka, ndani ya Uganda, nilichoka zaidi kuliko kuogopa.

Lukaya, mbele ya Masaka, ndiko nilikoogopa. Machi 1979, giza linaingia, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kufyatua maroketi. Yalipita juu ya vichwa vyetu, hayakutupiga, lakini brigedi yetu, ya 201, wengi tulikuwa wageni wa vita, tukatimka. Sikufichi, nami nilikimbia. Nililala kinamasini, mafunjo yananikata shingo. Kulipokucha sajenti akatupanga mstari, akahesabu, akarudia tena. Kila akifika kwenye nafasi ya mwenzangu tuliyekula naye sahani moja tangu Kyaka, ananyamaza.

Niliporudi nikajaribu kazi ya ulinzi mjini, usingizi ukagoma. Mama yako akasema, kaa hapa uniuzie.

Kata zilikuwa 24. Mzee akirudisha yake nilijua bado anasimama, anaelekea kwake. Ikipungua moja, nachukua tochi. Unakumbuka usiku ule niliporudi na matope mpaka magotini, ukaenda kumwambia mama yako kwamba baba kalewa? Jirani yetu alikuwa ameanguka kwenye mfereji, kule chini ya migomba. Nilimkuta kaketi majini, kata ameishika kwa mikono miwili, na mbege hata haijamwagika.

Baba yako