Barua kwa mwanangu: kila bei ina tarehe mbili

Mwanangu,

Umeniuliza mhandisi wa data aliyezoea mauzo ya dukani aanzie wapi akiingia kampuni ya uwekezaji. Anzia kwenye tarehe.

Kila rekodi ipe mbili: siku jambo lilipotokea na siku lilipojulikana. Hesabu za robo ya mwaka inayoishia 31 Desemba, kampuni nyingi huzitangaza mwishoni mwa Januari au Februari. Ukiziweka chini ya 31 Desemba tu, mtafiti anayejaribu mkakati wake kwa data za nyuma atakuwa ananunua hisa mapema Januari kwa habari ambayo sokoni hakuna aliyekuwa nayo. Faida itapendeza kwenye karatasi, kisha iyeyuke fedha za wateja zikiingia. Kampuni ikisahihisha hesabu zake, usifute za kwanza. Ongeza rekodi mpya.

Bei nazo zina mtego wake. Apple ilifunga Ijumaa 28 Agosti 2020 kwa dola 499.23, na Jumatatu ya tarehe 31 kwa 129.04. Programu isiyojua itapiga kelele kwamba hisa imeanguka kwa asilimia 74. Kumbe hisa moja iligawanywa kuwa nne, 499.23 ukigawanya kwa nne ni 124.81, kwa hiyo bei ilipanda kwa asilimia 3.4. Hifadhi bei kama ilivyotoka sokoni, uwiano wa mgawanyo uuweke kwenye jedwali lake, hesabu ya marekebisho ifanyike wakati wa kusoma. Ukihifadhi bei zilizorekebishwa pekee, mgawanyo ujao utabadilisha historia nzima, na ripoti ya mwaka jana hutaweza kuitoa tena ilivyokuwa.

Usiunganishe majedwali kwa alama ya hisa, yaani herufi fupi zinazoitambulisha sokoni. FB, alama ya kampuni ya Facebook, iligeuka META tarehe 9 Juni 2022, na herufi hizohizo META zilikuwa za mfuko mmoja wa uwekezaji hadi Januari mwaka huohuo! Tunga namba yako ya ndani kwa kila hisa, na kila alama iwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kampuni zilizokufa, kama benki ya Lehman Brothers iliyofilisika 2008, zibaki humo. Jedwali la zilizo hai tu humfanya kila mwekezaji aonekane hodari.

Saa zote zihifadhiwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyobadilika kwa majira. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu, ila majira yao ya baridi ni saa kumi na moja na nusu.

Faili la bei linaloingia asubuhi lihifadhi kwanza bila kuligusa. Linganisha idadi ya rekodi zake na ya jana, na bei iliyoruka kupita kiasi bila tukio la kampuni izuie hadi mtu aitazame. Kazi ikikatika katikati, kuirudia kusizae rekodi pacha: ufunguo unaotambulisha kila rekodi uwe ile namba ya ndani ya hisa, tarehe na chanzo.

Siku ya kwanza, uliza jedwali la migawanyo ya hisa na magawio (faida wanayolipwa wenye hisa) liko wapi na nani hulisahihisha. Wakikuambia halipo, kazi yako ya miezi mitatu umeshaipata.

Mama yako