Kabla hujanakili ile namba kwenye TFC yako

Kila mwaka, msimu wa kuandika TFC na memwari (kazi za utafiti za kumaliza masomo ya chuo) ukifika, wadogo zangu wa hapa Bukavu huniletea rasimu zao nizipitie. Anatoka huyu Kadutu, yule Bagira, na karibu wote wanaogusa vita huanza kwa sentensi ileile: "Vita vya Mashariki mwa Kongo vimeua zaidi ya watu milioni 6." Nikiuliza imetoka wapi, naonyeshwa memwari ya mtu wa mwaka juzi. Naye wa mwaka juzi alinakili ya aliyemtangulia.

Ndugu yangu, fuata namba mpaka umfikie aliyehesabu. Kwa hii ya vita, njia si ndefu. Shirika la misaada la International Rescue Committee (IRC) lilifanya uchunguzi mara tano kati ya 2000 na 2007. Ripoti ya mwisho ilitoka Januari 2008, ikakadiria vifo milioni 5.4 tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Hakuna aliyehesabu makaburi. Watafiti walipita kaya kwa kaya wakiuliza nani amefariki katika kipindi fulani, wakapata kiwango cha vifo, kisha wakaondoa vile ambavyo vingetokea hata pasingekuwa na vita. Kilichobaki kikazidishwa kwa idadi ya watu. Na wengi wa marehemu hao waliondoka kwa malaria, kuharisha, nimonia na utapiamlo. Waliouawa kwa silaha ni sehemu ndogo.

Baadaye watafiti wa Human Security Report, huko Kanada, walipinga hesabu hiyo. Kiwango cha "kawaida" kilichotumika kilikuwa vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Wao walisema kwa Kongo, ambayo hospitali zake zilikuwa hoi hata kabla ya 1998, kiwango hicho ni cha chini mno. Ukikipandisha kidogo tu, jumla inashuka sana. Tena idadi yenyewe ya watu ni makadirio, maana sensa yetu ya mwisho ni ya 1984.

Hapa wengine hunikasirikia. Wanaona kama nawapunguza wafu wetu. Nawaelewa, kwani sisi wote hapa tumezika. Lakini anayetaka kukana mateso yetu atatafuta kwanza namba isiyo na mwenyewe, na akiipata ataikataa pamoja na kila kitu ulichoandika baada yake. Anayewapenda wafu wake awaandikie kwa uangalifu.

Unaposoma, uliza pia maandishi yalimlenga nani. Ripoti ya shirika la misaada inataka serikali na wafadhili waamke. Makala ya jarida la tiba The Lancet ya 2006, yenye matokeo ya uchunguzi wa 2004, iliandikiwa madaktari na watakwimu wanaotaka kukagua njia. Soma zote mbili, ila ukitafuta njia ya kuhesabu, anza na ya jarida.

Sasa ile sentensi yako tuiandike hivi: "IRC (2008) ilikadiria kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 vilitokea vifo milioni 5.4 zaidi ya kawaida, vingi kwa magonjwa na utapiamlo. Kiwango cha vifo vya kawaida kilichotumika kimepingwa na watafiti wengine." Ni ndefu, najua. Lakini profesa wa juri, lile jopo litakalokuhoji, akiishika, itasimama.

Na namba zako mwenyewe je? Juri hilo halikuwa nawe ulipokwenda kuwahoji watu. Kama maswali uliyaandika kwa Kifaransa ukayauliza kwa Kiswahili au Mashi, sema hivyo, na useme nani alitafsiri. Kama uliuliza wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa soko moja tu, usiandike "wanawake wa Bukavu".

Na hao mama wa sambaza nao ni wasomaji wako, ingawa TFC hawataisoma. Waandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili: uliuliza nini, ulipata nini, nini hakijulikani bado. Uandike kabla ya siku ya kuitetea TFC mbele ya juri, uwasomee palepale sokoni. Wakikuambia "hapa hukutuelewa", bado una muda wa kusahihisha sura ya matokeo.