Kabla ya Kuziamini Nyota, Tazama Mteja Anaishi Wapi

Msomaji wangu mmoja wa Wete ameniandikia wiki hii akiniuliza mambo mawili kwa pamoja: iwapo ipo haja ya kulipia jarida la kigeni la wafugaji wa paka, na iwapo blenda aliyoiona mtandaoni, iliyopewa nyota nne na nusu na wateja, itafaa kumsagia nazi. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu naamini wengi wenu mnaonisoma mna nia kama yake na yangu: kufuga wanyama kwa ujuzi, kununua kitu kimoja kizuri kikadumu, na kutopoteza fedha kwa sifa za watu tusiowajua.

Mimi natunza farasi wanaopandwa na wageni katika pwani ya kaskazini ya Unguja. Punda tumewazoea tangu enzi za wazee wetu, na ng'ombe wa gari tunawajua vyema, lakini farasi ni wachache na wanaowafahamu ni wachache zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ninachokijua nimekipata katika majarida ya Uingereza na Marekani. Bei yake si ndogo kwa mshahara wa hapa, na kwa sababu hiyo nimejifunza kuyasoma maoni ya wateja kwa makini kabla ya kulipa.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba idadi ya nyota peke yake haimsaidii mtu. Chukua Horse & Hound, jarida la Uingereza lililoanza mwaka 1884 na linalotoka kila wiki. Limejaa habari za mashindano, na mteja anayeshindana ana haki ya kulisifu, ila mimi sina farasi wa mashindano. Kadhalika, wateja wa Uingereza hupenda kurasa zinazofundisha kumvisha farasi blanketi wakati wa baridi na kumkinga na tope la miezi ya mvua na theluji, ilhali shida zetu ni joto, kupe na chumvi inayopotea kwa jasho. Hata mteja wa Tanzania Bara anayelalamika kuwa jarida halisemi lolote kuhusu mbung'o hazungumzii hali yangu, kwa kuwa Unguja ilithibitishwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi kumwagwa kwa ndege kisiwani. Wote hao wamesema kweli, ila kila mmoja ameisema kweli ya kwao.

Maoni yaliyonifaa kuliko yote yaliandikwa na mama mmoja wa Florida, ambaye alilipatia jarida moja la Kimarekani nyota tatu tu. Alilalamika kwamba makala zake za maradhi ni ndefu mno na picha ni chache, kisha akataja kwa kupitia tu kwamba toleo lile lilikuwa na maelezo kuhusu farasi wanaoacha kutoka jasho katika nchi za joto lenye unyevu. Niliposoma sentensi hiyo nilisimama. Tulikuwa na farasi jike bandani ambaye kila akirudi kutoka ufukweni alikuwa akihema kwa kasi, pua zimetanuka, na ukimpitishia mkono shingoni na chini ya tandiko ulikuta ngozi imekauka, wakati wenzake wanatota. Wapo waliosema ni mvivu, na wapo waliosema amepigwa jicho.

Nililinunua toleo lile. Farasi hupoza mwili wake kwa jasho zaidi kuliko kwa njia nyingine yoyote, na jasho likikatika joto hubaki ndani, jambo ambalo linaweza kumuua akiendelea kufanyishwa kazi juani. Nilimwita daktari wa mifugo, akampima na kuthibitisha, na tangu hapo jike yule hufanya kazi baada ya alfajiri na magharibi tu, hukaa kivulini palipo na upepo, humwagiwa maji ya baridi mara arudipo, na chumvi yake hatuisahau. Yuko hai na anapandwa hadi leo. Najivunia jambo hilo, na silioni kuwa dogo, kwani lilitokana na kusoma malalamiko ambayo wengine wangeyapita kwa sababu yana nyota tatu.

Nyota moja nazo zisomwe sababu zake. Wateja wengi wa majarida hutoa nyota moja kwa kuwa toleo la kwanza lilichelewa wiki kadhaa, au kwa kuwa ada ya mwaka wa pili ilikatwa bila wao kutaka. Hilo la pili ni onyo la kuzingatiwa. La kwanza halimhusu anayesoma kwenye simu. Na tarehe pia itazamwe: Cat Fancy, jarida la paka lililoanza mwaka 1965, lilisita mwaka 2015 na nafasi yake ikachukuliwa na Catster, kwa hiyo anayelisifu la zamani hakusifii unalotaka kulilipia leo.

Kwa upande wa blenda, mke wangu huuza urojo jioni, na chatini yake ya nazi ndiyo inayowarudisha wateja. Ndugu wa Marekani walikuwa tayari kututumia mashine iliyosifiwa na maelfu ya watu. Nikauliza kwanza umeme wake: kule ni volti 120, hapa kwetu ni 230, na mashine isiyotengenezwa kwa volti zetu huweza kuungua mara iwashwapo. Isitoshe, karibu kila mteja aliyeisifu alikuwa akisaga ndizi, maziwa na barafu. Nikatafuta wanaosaga nazi, nikamkuta bwana mmoja wa Kerala, India, ambako umeme ni volti 230 kama wetu na chatini ya nazi huliwa kila asubuhi. Naye alitoa nyota tatu kwa ajili ya kelele, lakini alieleza kila kitu: wati 750, jagi la chuma, nazi ikatwe vipande vidogo, itiwe maji kidogo, isagwe kwa sekunde 30 kisha ipumzishwe, na ikizima ghafla kuna kitufe chekundu chini yake cha kubonyeza baada ya mota kupoa. Tuliagiza ile, tukabadilisha plagi, na kwa dakika nne za kazi hula uniti 0.05 tu za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia.

Hapa sina budi kulisema jambo ambalo bado linaniuma. Kabla ya mashine hiyo tulinunua nyingine kwa muuzaji mmoja wa mjini, na gurudumu lake la plastiki, lile lenye meno linalozungusha kisu, lililika hadi likawa laini. Niliandika maoni yangu kwenye ukurasa wake kwa adabu, nikaweka na picha ya gurudumu. Aliyafuta, kisha akaandika kwamba wapo watu wasiopenda mwenzao apate riziki. Jamaa zangu wenyewe waliniambia ningenyamaza. Lakini wanunuzi wengine walinitumia ujumbe kwa siri wakisema zao zimekufa vivyo hivyo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Sisi tunafundishwa tangu chuoni, yaani madrasa, kwamba kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na anayeijua aibu hiyo akanyamaza huku jirani yake anahesabu fedha za kuinunua, amemsaidia nani? Stara ni ya mja, si ya blenda.

Kwa hiyo ndugu zangu, tuandike maoni, tena tuyaandike kwa namna itakayomfaa mtu wa Wete au wa Makunduchi. Sema unaishi wapi. Sema umesaga nini, kwa muda gani, na umeme ulikuwaje. Ukisifu jarida, taja makala iliyokusaidia na mnyama uliyemsaidia nayo. Na usiandike siku ya kwanza ukaondoka, maana kila kitu kipya ni kizuri siku hiyo. Ya kwangu kuhusu ile mashine ya wati 750 nimeyarekebisha mwezi huu: mota ni nzima, kisu bado kikali, ila mpira wa chini ya kisu umelegea na maji ya nazi yamekuwa yakivuja, hivyo anayeagiza aagize na mpira wa akiba.