Muulize stelingi aliamkaje kesho yake

Mzazi akiitwa shuleni kwa sababu mwanawe amempasua mwenzake mdomo, aghalabu huja na mshtakiwa wake mkononi: "Mwalimu, ni hizi gemu za kuuana." Mimi ni mwalimu wa malezi na maneno hayo nimeyasikia hadi nimeyakariri. Gemu ni mshtakiwa mzuri. Haijitetei, wala haiulizi nyumbani kwenu mkikasirika mnazungumzaje.

Sisemi kwamba picha hazina athari. Zinayo. Ila kwa vijana niliokaa nao baada ya ngumi, wingi wa damu waliyoitazama umenisaidia kidogo sana kuwaelewa. Kinachonisaidia ni kujua ubabe walisimuliwa vipi: nani alipiga, nani alishangiliwa, nani alibaki na maumivu. Filamu nyingi hutuonyesha wawili wa kwanza, kisha zinaisha.

Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaacha watoto wadogo wamtazame mtu mzima akimtwanga mwanasesere wa kujazwa upepo. Walipobaki na mwanasesere, watoto nao wakamtwanga, wengine wakirudia hata maneno ya yule mkubwa. Jaribio hilo hutajwa kila mahali. Lake la 1965 halitajwi sana, nami ndilo ninalolipenda zaidi. Safari hii watoto walitazama filamu. Baadhi wakaona mpigaji anazawadiwa, wengine wakaona anaadhibiwa. Walioona adhabu waliiga kidogo. Lakini kila mtoto alipoahidiwa zawadi akionyesha alichokiona, tofauti ile ikayeyuka. Wote walikuwa wameyashika mapigo, hata wale waliokuwa wametulia.

Kwa hiyo mzazi akiniambia "wangu hutazama tu, hafanyi", namjibu kwamba ameshajifunza. Kama atalitumia somo au la, itategemea anaamini litamletea nini mbele za wenzake.

Ni kweli hao walikuwa watoto wa chekechea na mwanasesere wa plastiki. Kuhusu vijana waliobalehe, ushahidi hauendi upande mmoja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachunguza vijana zaidi ya 1,000 wa Uingereza, wenye miaka 14 na 15, wala hawakuona uhusiano kati ya gemu za vita na tabia ya ukali kama walivyoieleza walezi wao. Mwaka uliofuata Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema uhusiano upo ila ni mdogo, wa mambo kama kufoka na kusukumana, na kikaonya kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzitwisha gemu lawama za mauaji. Anayefungia gemu kabatini na kuhesabu kwamba malezi yamekamilika anajidanganya.

Picha inayonitia hofu ni ile ambayo vijana huipiga wenyewe. Wawili wanakwaruzana nyuma ya darasa, kabla ya ngumi ya kwanza simu zimeshanyanyuliwa, na jioni video iko kwenye kila kundi ikiwa na maneno ya kejeli. Ugomvi wenyewe pengine ungeisha kesho yake kwa kusalimiana. Lakini aliyeangushwa sasa anaangushwa tena na tena, mbele ya watu wasiomjua, na walioona wanamuuliza lini atarudisha. Mapigano mabaya kuliko yote niliyowahi kuyaamua yalikuwa ya marudio, yaliyoletwa na video. Humo hamna mwigizaji wala rangi nyekundu ya kupaka. Mna aibu ya mtoto halisi. Wasichana nao wasisahauliwe hapa. Kwao mara nyingi hutangulia maneno, yanapigwa picha na kusambazwa, halafu kuvutana nywele kunafuata.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu basi: mfundishe mwanao cha kufanya video ya kupigana inapomfikia. Asiirushe kwingine, asiweke hata kicheko chini yake, na amwambie mtu mzima mmoja anayemwamini. Mwambie mapema, kabla haijatokea, maana siku ya tukio atakuwa na dakika chache tu za kuamua huku wenzake wakimsubiri.

Kwa filamu na tamthilia, kaa naye. Usikae kama askari. Vijana wana pua kali, wakinusa mahubiri wanahamia chumbani na simu zao. Mimi hutumia swali moja tu, nalo nalitupa kama mzaha: stelingi aliamkaje kesho yake? Mtu aliyepigwa chupa ya kichwa na kuruka kutoka ghorofani, asubuhi anaweza kushika kikombe? Mama wa yule mlinzi aliyeuawa dakika ya kumi aliambiwa nini? Kwanza watacheka. Baadaye utawasikia wakiulizana wenyewe, na hapo ndipo hesabu iliyofichwa na filamu inaanza kufanywa na kijana mwenyewe.

Habari nazo zina yake. George Gerbner, mtafiti wa Marekani aliyechunguza televisheni kwa miongo mingi, alieleza kwamba wanaoitazama sana huelekea kuiona dunia kuwa ya kutisha kuliko ilivyo. Hilo nimelishuhudia kwa wavulana waliokutwa na kisu ndani ya begi. Wengi wao walikuwa waoga kuliko wenzao. Waliamini nje kila mtu amejihami, kwa sababu kila walichokitazama kiliwaambia hivyo. Kijana wa namna hii ukimkemea tu unamthibitishia kwamba yuko peke yake. Muulize anamwogopa nani, ana njia gani ya kurudi nyumbani, na anarudi na nani.

Muda wa kutazama upangieni mipaka kama mnavyopanga usingizi, na alama za umri kwenye gemu zisomeni. Zimewekwa kwa sababu. Sina mengi ya kuongeza hapo.

Ila zipo dalili ambazo hazisubiri mazungumzo ya sebuleni: kijana anayefurahia kumtesa mnyama au mdogo wake, anayetafuta silaha, anayejitenga ghafla huku akizungumzia kulipiza kisasi. Anayetaja jina la mtu na siku, muone mtaalamu na uiarifu shule leo leo. Gemu mtaijadili baadaye.